Tazama Mdomo wa Mashine Kabla ya Kuosha Gari

Siku hizi katika settlementi zetu, tangu Kinangop mpaka Lugari, pikapu imekuwa chombo cha kazi kama jembe. Asubuhi huchukua maziwa, mchana mbolea, na usiku mgonjwa. Punda bado yuko, nasi twamshukuru kwa kazi yake, lakini punda hakupakwa rangi. Pikapu imepakwa rangi, na chini ya rangi hiyo kuna bati, na bati lililo uchi huliwa na kutu. Nasema hivi kwa sababu vyama vya wakulima na watu binafsi wananunua mashine za kuoshea magari kwa maji ya nguvu, na karibu kila mnunuzi huuliza neno moja tu: "Ina nguvu kiasi gani?" Kwa maoni yangu hilo si swali la kwanza. Yafaa kuuliza kwanza: "Ina midomo gani?"

Mdomo ninaousema ni kile kipande kidogo cha chuma kinachochomekwa mwisho wa fimbo ya maji. Wengine hukiita nozeli. Ni kidogo, kwa hiyo watu hukidharau. Lakini maji yale yale, kutoka pampu ile ile, yaweza kuwa manyunyu au kuwa msumari, na kinachoamua ni mdomo huo.

Mashine nyingi huja na midomo mitano, kila mmoja na rangi yake. Mwekundu ni wa digrii 0, wa manjano 15, wa kijani 25, mweupe 40, na mweusi 65. Digrii hizo zaonyesha jinsi maji yanavyotawanyika. Ukishika fimbo umbali wa futi moja na gari, mdomo wa manjano hueneza maji upana wa kama inchi 3, wa kijani inchi 5, na mweupe karibu inchi 9. Mwekundu hautawanyi kitu. Nguvu yote ya pampu huangukia mahali padogo kama punje ya hindi.

Basi kwa rangi ya gari, madirisha na taa, tumia mweupe. Ikiwa matope yameshika sana, kama yale meusi ya Kinangop wakati wa masika, yaloweshe kwanza, ungoje kidogo, kisha tumia wa kijani ukisimama mbali kiasi cha futi 2. Wa manjano ni wa vyuma vya chini ya gari tu, nao usiusogeze karibu na beringi, kwa maana maji yatafukuza grisi. Wala karibu na rejeta, kwa maana mapezi yake ni membamba na yatalala. Mweusi ni wa sabuni. Tundu lake ni kubwa, presha hushuka, na hapo ndipo mashine huweza kuvuta sabuni. Mtu akitia sabuni na kuacha mdomo mweupe mahali pake, ataona sabuni haitoki, naye atasema mashine ni mbovu.

Ule mwekundu je? Mimi ningependa kila mwenye mashine auchukue siku ile ile ya kununua na kuufungia sandukuni. Vijana wanaoosha magari njia panda hulipwa kwa gari, hawalipwi kwa saa. Ukiwaachia midomo yote mitano, watachagua ule unaoondoa matope upesi, na siwezi kuwalaumu, maana mteja anangoja na mwingine yuko nyuma yake. Gari litaondoka likimetameta. Baada ya mvua mbili tatu rangi itaanza kubanduka pembeni mwa mlango. Hilo ni hasara ya fedha tu. Lililo baya zaidi ni tairi. Maji ya mdomo mwekundu, au hata wa manjano ukisogezwa karibu mno, huweza kudhoofisha ubavu wa tairi bila mtu kuona. Tairi hilo litapasuka siku nyingine, mteremkoni, na watu wameketi nyuma juu ya mikebe ya maziwa.

Na mwili wa mtu je? Maji hayo hupenya ngozi. Kidonda chaonekana kidogo kama cha mwiba, lakini ndani nyama imechanika na uchafu umeingia. Mtu akipigwa hivyo apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje mpaka mkono uvimbe. Mtoto asiguse fimbo hiyo kabisa, wala usimwoshe ng'ombe kwayo.

Sasa, mdomo ukipotea, usinunue wowote kwa kufuata rangi peke yake. Watengenezaji wengine hutumia rangi zao wenyewe, kwa hiyo soma namba iliyochorwa juu ya chuma. Namba 25040, kwa mfano, maana yake ni digrii 25 na tundu la ukubwa wa 4. Tundu hilo lafaa mashine itoayo kama lita 11 kwa dakika kwa presha ya pauni 2,000 katika kila inchi ya mraba. Mashine ndogo ya umeme, ya lita 7 na pauni 1,500, yataka tundu la 3. Ukiitia la 4, maji yatatoka bila nguvu, na pampu utaisingizia bure. Ukitia tundu dogo katika mashine kubwa, presha itapanda na pampu itaumia.

Tundu lenyewe hupanuka kwa kuliwa na mchanga. Maji ya bwawa au ya mto yana mchanga mwingi, kwa hiyo weka chujio mahali maji yanapoingilia, na kabla ya kufikiria pampu mpya, jaribu kwanza mdomo mpya. Bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Lakini kuchota maji mtoni si ruhusa ya kuoshea gari mtoni. Oili na sabuni huteremka mpaka kwa jirani anayenywesha ndama wake, na kanuni za maji zakataza kuchafua maji namna hiyo. Chagua mahali pa kokoto, mbali na ukingo wa mto, na uchimbe shimo la kupokea maji machafu kabla gari la kwanza halijafika.