Mavumbi ya mgodi yasiingie nyumbani



Katika makartie yetu, mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, miguu iliyopinda ao kichwa chenye kujaa maji, maneno yanaanza hata mbele mama hajatoka maternite. Alikula nini? Alilala na nani? Ni laana ya jamaa gani? Kuna wamama waliofukuzwa katika ndoa juu ya mtoto wa namna hiyo. Juma hili tunaleta kile ambacho laboratwari ilionyesha, maana kinagusa heshima ya mama na uzima wa mtoto.

Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Univasite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walifuata wamama waliozaa katika maternite za Lubumbashi. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kilema chenye kuonekana kwa macho, na wengine 108 waliozaliwa bila kilema, ili walinganishe. Walipima metali katika damu na mkojo wa mama, katika damu ya kitovu, katika kondo la nyuma, na hata katika mavumbi ya nyumbani. Tena waliuliza kila baba na kila mama anafanya kazi gani. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika gazeti la waganga, The Lancet Planetary Health.

Jambo lililoshikamana zaidi na kilema lilikuwa kazi ya baba katika migodi. Pale ambapo baba alifanya kazi hiyo, hatari ilihesabiwa kuwa zaidi ya mara 5. Hesabu hiyo ilitoka kwa familia chache, kwa hiyo inaweza kupanda ao kushuka utafiti mwingine ukifanyika, na haituambii sababu ya kilema cha mtoto huyu ao yule. Lakini inatosha kufunga kinywa cha wale wanaomnyooshea mama kidole.

Tusigeuze lawama sasa na kumpa baba. Anashuka shimoni ili watoto wapate bukari. Tuangalie njia ambayo sumu inaweza kupita. Kuna metali, kama vile risasi, zenye kuharibu mbegu za mwanaume. Na kuna mavumbi yanayofika nyumbani juu ya nguo, viatu na nywele zake. Mavumbi si jambo dogo: katika kartie Kasulo, kule Kolwezi, watu walichimba kobalti ndani ya lupango zao. Utafiti uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wa pale walikuwa na kobalti katika mkojo karibu mara 10 kuliko watoto wa mahali pengine.

Na wamama wa Lubumbashi ambao watoto wao walizaliwa wazima? Metali katika mkojo wao na katika damu ya kitovu zilikuwa pia kati ya zile za juu zaidi zilizowahi kupimwa kwa wamama wenye mimba. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Tufanye nini nyumbani?

Nguo za kazi zibaki nje. Baba avue viatu na nguo mbele ya kuingia, aoge, kisha abebe mtoto. Tufue nguo hizo peke yake, tusizichanganye na za mtoto. Mama mwenye mimba akipata mtu wa kumsaidia kuzifua, ni vizuri zaidi.

Tusifagie pakavu. Fagio kavu linainua mavumbi, nasi tunayavuta. Tunyunyize maji ao tupanguse kwa kitambaa chenye maji. Tunawe mikono na kuosha sombe, lengalenga na matembele kwa maji mengi.

Tujue kazi ya moto. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya tifoidi, na tusiache kuchemsha. Lakini metali haifi kwa moto. Maji ya mto unaopokea maji machafu ya kiwanda yatabaki na metali yake hata yakichemka saa nzima. Tuchote mahali pengine.

Tupunguze kula udongo. Pemba ya sokoni inaweza kubeba risasi na mayai ya minyoo, na inazuia mwili kupokea madini ya chuma. Mwili wenye kukosa chuma unapokea metali mbaya kwa urahisi zaidi. Maharagi, ndakala na majani ya kijani vinasaidia.

Twende CPN mapema, na tumwambie mwuguzi kazi ya baba. Tuombe vidonge vya chuma na asidi foliki. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga katika juma 4 za kwanza za mimba, mara nyingi mbele mama hajajua kwamba ana mimba. Kwa hiyo yule anayetaka kuzaa aanze kuvimeza mapema. Asidi foliki haitoi metali mwilini, lakini inapunguza hatari ya uti wa mgongo kubaki wazi.

Beseni na sabuni zetu haziwezi kumaliza kazi ya kampuni. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inadai kampuni zitoe angalau 0,3% ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii. Watu wa kartie wanapokaa na kampuni kuandika orodha ya kazi zitakazofanywa, wamama wawe pale, na waombe bomba la maji safi. Tena waulize kwa nini wafanyakazi hawaogi na kuacha nguo zao kazini.

Katika mkutano wenu wa juma hili, hesabuni ni nyumba ngapi zenye mtu wa mgodi, na ni ngapi zenye mahali pa kuogea nje. Na kama kuna mama kati yenu aliyezaa mtoto mwenye kilema, mwendeeni. Midomo iliyopasuka inashonwa, miguu iliyopinda inanyooshwa mtoto akipelekwa mapema. Msimwache peke yake na maneno ya watu.