TULIYOJIFUNZA YASIFUNGIWE KABATINI



Januari mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa, kiasi cha 15,000, waliacha kazi: makuli wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani. Mji ulisimama karibu wiki mbili. Ndipo lilipozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, na Bwana Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Agosti mwaka ule ule Serikali ya kikoloni ilimkamata, ikampeleka Kabarnet. Shirikisho likadhoofika upesi.

Sisi twaona hapa pana funzo. Chama ambacho maarifa yake yamo katika kichwa cha mtu mmoja ni nyumba ya nguzo moja. Adui hana haja ya kubomoa kuta.

Siku hizi katibu hapelekwi Kabarnet, lakini hustaafu, hufa, au hushindwa katika uchaguzi. Huondoka na yote aliyoyajua: namna mapatano yalivyopatikana, ahadi gani tajiri aliivunja, kesi ipi tulishindwa na kwa nini. Anayemfuata huanza tena kwa alifu, na tajiri, ambaye mafaili yake yote yapo, hucheka.

Jambo hili si la mishahara tu. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Mtu akikatwa vidole na mashine, kamati isiishie kuuliza nani mzembe. Iulize: kinga ya mashine ilikuwapo? Mtu yule alikuwa kazini tangu saa ngapi? Nani alionya asisikilizwe? Majibu yaandikwe, yasomwe mkutanoni, yapelekwe katika matawi mengine. Mashine kama ile ipo katika kiwanda cha jirani, pengine ambako hakuna chama. Kidole kitakachookolewa huko hakiulizwi kadi ya uanachama. Hiyo ndiyo faida ya wote.

Wako viongozi wanaoficha maarifa kwa kuogopa kupoteza kiti. Twawaambia kwa heshima: kiti ni cha wanachama, na maarifa yalilipiwa kwa ada zao.

Basi, ndugu, katika mkutano ujao wa tawi lako simama uulize: mgogoro wa mwisho ulitufundisha nini, na kimeandikwa wapi? Kama hakuna daftari, linunuliwe siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.