Usinunue detekta ya ufuoni kwa sababu imelia dukani

Najua video unayoitazama usiku ukiwa kitandani hapo Ruiru. Jamaa amevaa hedifoni, anatembea ufuoni, mashine inalia, anachota mchanga, na pete ya dhahabu inang'aa kiganjani mwake. Kesho yake unaanza kuuliza bei. Unapiga hesabu: SGR hadi Mombasa, wiki moja Malindi, watalii wameangusha mikufu mingi majini, biashara imejipa.

Sikukatazi. Hata mimi niliingia. Niliweka akiba kwa miezi minane nikanunua detekta ya mtumba kwa muuzaji mmoja jijini Nairobi. Aliweka sarafu ya shilingi 20 mezani, akapitisha mashine juu yake, ikalia vizuri kabisa. Nikatoa pesa. Nilipofika Malindi na kukanyaga mchanga uliolowa, ikaanza kulia bila kukoma, ungedhani ufuo mzima umejaa dhahabu. Nilichimba hadi mgongo ukaniuma, sikupata kitu. Nilipoipunguza nguvu ilinyamaza jumla, hata nilipoweka pete yangu mwenyewe chini yake.

Ukweli ni kwamba mashine haikuwa mbovu. Mimi ndiye nilinunua mashine ya shambani nikaipeleka baharini. Na hilo ndilo kosa ninalotaka uliepuke, kwa sababu najua pesa za kijana wa Thika zinavyotafutwa.

Elewa kitu kimoja. Detekta inatuma mawimbi chini, kisha inasikiliza yanavyorudi. Ufuoni kuna vitu viwili vinavyoichanganya. Cha kwanza ni chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme, kwa hivyo mchanga uliolowa unaijibu mashine karibu vile mkufu mwembamba wa dhahabu unavyoijibu. Ukiiambia mashine ipuuze chumvi, inapuuza na mkufu pia. Cha pili ni madini ya chuma yaliyomo kwenye mchanga wenyewe, zile punje nyeusi zinazonata kwenye sumaku.

Na punje hizo zinatoka wapi? Nyingine huenda zinatoka kwetu. Mto Ruiru unaishia kwenye mkondo wa Athi, huohuo wa Fourteen Falls, ambao ukishuka unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Mto Thika, ingawa ni jirani yake, unaelekea Tana. Mito hii inabeba udongo kutoka bara hadi pwani. Ndiyo maana mchanga wa Malindi hadi Mambrui si sawa na ule mweupe wa Diani, ambao kwa sehemu kubwa ni matumbawe yaliyosagika. Na usidhani mchanga wa pwani yetu hauna madini: kule Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba madini ya titani kwenye mchanga hadi mwisho wa 2024.

Kwa hivyo usimuulize muuzaji, "Hii inashika dhahabu?" Zote zinashika dhahabu mezani. Muulize inatumia masafa mangapi kwa wakati mmoja.

Mashine nyingi za bei nafuu hutumia masafa mamoja. Uwanjani au kwenye mchanga mkavu ziko sawa, lakini kwenye mchanga uliolowa chumvi zinakuwa kelele tupu. Zinazotuma masafa mengi kwa pamoja, kama Minelab Equinox au Nokta Legend, hulinganisha majibu na kuondoa sauti ya chumvi bila kupoteza dhahabu yote. Aina ya tatu ni za mapigo, kama Garrett Sea Hunter. Hizi hutuma pigo, hunyamaza, kisha husikiliza. Mchanga mweusi hauzisumbui sana na zinafika chini zaidi, ila hazijui vizuri kutofautisha pete na msumari. Utachimba vizibo vya soda mpaka uchoke.

Maoni yangu ni haya: kama ni ufuo mmoja mmoja na mikono yako miwili, chukua ya masafa mengi. Kama huna pesa zake, usinunue ya masafa mamoja ukijipa moyo kwamba utaizoea. Subiri, au mchange watu watano kwenye chama. Na tafadhali usikope kwenye simu. Riba haingoji bahari ikupe pete.

Hakikisha pia mashine nzima inaingia majini. Nyingine ni koili tu inayostahimili maji, na wimbi moja likifika kwenye kisanduku cha betri, umezika pesa.

Kabla hujalipa, omba kuijaribu. Huhitaji kusafiri. Chukua beseni la plastiki, weka lita 10 za maji na gramu 350 za chumvi, kiasi kinachokaribia bahari. Pitisha koili juu yake. Ikianza kulia kabla hujaweka pete, umepata jibu. Kisha ipeleke kwenye udongo wetu mwekundu wenye chuma, fukia pete sentimita 15 chini, uone. Beseni si bahari, lakini litakwambia mengi kuliko meza ya duka. Muuzaji akikataa jaribio hilo, rudi steji upande matatu ya kwenda nyumbani.

Ukishafika pwani, waulize wavuvi siku za bamvua, wakati wa mwezi mchanga au mpevu. Maji hukupwa mbali sana, na unafika pale waogeleaji walipokuwa wamesimama.

Halafu kuna sheria. Hifadhi za baharini kama za Malindi na Watamu si pa kuchimbachimba. Na sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale. Mnamo 2013 watafiti walitangaza kupata sarafu ya Kichina ya miaka zaidi ya 600 kisiwani Manda. Ukipata kitu kama hicho usikiuze mtandaoni. Kiache palipo, piga picha, uwaarifu watu wa Makavazi ya Kitaifa. Kikishang'olewa bila kuandikwa kilipokuwa, historia yake imepotea.

Na pete ya ndoa yenye majina ndani ina mwenyewe. Iulizie hotelini kwanza. Mteja anayekushukuru leo ndiye atakayekupigia kesho mwenzake akipoteza yake, na kwa mtazamo wangu hapo ndipo pesa ya kazi hii ilipo, kuliko kwenye dhahabu ya kuokota.