Siku za Mlinzi Ni Ngapi?

Twataka kugombana kidogo na wenzetu wapendao hadithi za upelelezi, na tena twataka kugombana na walimu wenzetu wasiozipenda. Atakayeona kwamba tumejitafutia maadui pande zote mbili kwa siku moja, na asome mpaka mwisho, kisha ndipo atuhukumu.

Neno lililotuchokoza ni hili. Kila mtunzi wa hadithi hizi atoapo kitabu kipya cha mpelelezi wake yule yule wa siku zote, huketi mbele ya wasomaji wake akaulizwa maswali. Maswali hayo tumeyasikia na kuyasoma mara nyingi, na karibu yote ni mamoja. Je, safari hii wamekufa wangapi? Je, mwuaji huyu ni mkali kuliko yule wa kitabu kilichopita? Je, shujaa wetu yu karibu kufa? Na kitabu kingine kitatoka lini? Mtunzi hujibu kwa adabu, watu wakacheka, wakanunua, wakaenda zao. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo sisi twaliona kuwa kubwa kuliko hayo yote: Bwana, mtu wako huyu, baada ya kuzitazama maiti hizi zote, amekuwaje?

Swali hilo hatukulibuni sisi. Tulifundishwa na mtoto. Usiku mmoja, tukisimamia masomo ya jioni, tulimkuta mwanafunzi ameficha kitabu ndani ya daftari lake la hesabu. Kilikuwa kitabu cha mpelelezi mmoja hodari, ambaye jina lake hatulitaji, kwa kuwa wako wengi wa namna yake. Tukamnyang'anya, tukamkemea, tukakitia kabatini. Ilipopata saa nne tukaona si vibaya kukitazama kidogo, ili tuujue ubaya wake. Ubaya huo tulikuja kuumaliza jogoo la kwanza likiwika. Asubuhi tulimwita kijana, macho yetu yakiwa mekundu, tukamrudishia mali yake, tukamwuliza amekionaje. Akasema kwamba amekipenda, na kwamba hicho ni cha nne kukisoma katika habari za mtu yule. Kisha akasema, "Lakini, Mwalimu, tangu kitabu cha kwanza bwana huyu ameua watu kumi na mmoja. Mbona haoti ndoto mbaya?"

Hatukuwa na jibu la kumpa.

Basi kwanza twasema na walimu wenzetu. Ninyi mwasema kwamba vitabu hivi vyawafunza watoto wizi na uuaji, na kwamba afadhali vichomwe moto. Sisi twawaonyesha mtoto yule. Hakuhesabu wale kumi na moja kwa sababu alitamani kuwa wa kumi na mbili kuwaua. Alihesabu kwa sababu moyo wake ulikataa kwamba maisha ya watu yaweza kupita hivi hivi, kama maji juu ya jani la mgomba. Mtoto aulizaye hivyo amekwisha kuvuka masomo mengi tumfundishayo darasani. Tena msisahau kwamba hadithi za namna hii si wageni katika lugha yetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu chake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapwa mwaka 1960. Humo watu walikutana na Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo*. Wakafuata Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Watu wengi ambao hawangefungua kitabu kingine chochote baada ya kutoka shuleni walifungua vitabu hivyo, wakaazimana mpaka majalada yakatoka. Mwenye kuvichoma na atuambie kwanza atawapa watu nini badala yake.

Lakini sasa twageuka upande wa pili. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hatujui kazi ya kalamu iliyo karibu na mithali hiyo kuliko kazi ya kutunga mpelelezi mmoja katika vitabu vingi. Kitabu cha kwanza husifiwa. Mpiga chapa hutaka cha pili. Wasomaji hupiga kelele wapate cha tatu. Ufikapo wakati wa cha kumi, mtunzi akiwa mvivu, hana haja tena ya kumtazama mtu wake. Yamtosha kubadili jina la mji na jina la maiti.

Hata watunzi wakubwa walilemewa na mzigo huo. Arthur Conan Doyle wa Uingereza alichoka na Sherlock Holmes, maana aliona kwamba amwibia nafasi ya kazi nyingine aliyoithamini zaidi. Mwaka 1893 akamwua, akamtumbukiza katika maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji walikasirika sana. Mwaka 1901 akaanza kutoa hadithi nyingine ya Holmes, na mwaka 1903 akamrudisha mzima, kana kwamba kifo kilikuwa safari ya mapumziko, wala hakuachana naye mpaka mwaka 1927. Naye Agatha Christie, alipomleta Hercule Poirot mara ya kwanza mwaka 1920, alimfanya mzee wa Kibelgiji aliyekwisha kustaafu kazi ya upolisi. Hakujua kwamba ataishi naye zaidi ya miaka hamsini. Kwa hesabu za kawaida Poirot alipaswa kuwa na umri wa miaka mia na zaidi kabla ya kufa, lakini vitabu vilizidi kutoka, naye akazidi kupinda masharubu yake. Christie aliandika kitabu cha kifo chake wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, akakifungia, na watu hawakukisoma mpaka mwaka 1975.

Hatuwadharau mabwana hao, na nani angethubutu? Hadithi zao ni mafumbo yaliyosukwa vema kama mkeka wa harusi. Twasema tu kwamba walikuwa na mafumbo kuliko watu. Na mwenye kuiga kazi yao bila akili yao hubaki bila fumbo na bila mtu.

Sasa tutazame njia nyingine. Yuko mtunzi wa Uskoti, Ian Rankin, aliyezaliwa mwaka 1960. Mwaka 1987 alitoa kitabu kiitwacho *Knots and Crosses*, akamweka ndani yake polisi wa mji wa Edinburgh, jina lake John Rebus. Jina hilo maana yake ni fumbo la picha. Rankin mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba hakuwa na nia ya kuanzisha mfululizo, na kwamba katika maandishi ya kwanza Rebus alikuwa afe mwisho wa hadithi. Hakufa. Lakini hakupewa uzima wa milele pia. Rankin alimwacha azeeke jinsi wasomaji wake walivyozeeka. Alipoingia alikuwa na miaka arobaini. Miaka ishirini ikapita duniani, ikapita na kwake, na mwaka 2007, katika kitabu kiitwacho *Exit Music*, akafikia miaka sitini, umri wa kustaafu kwa mtu wa cheo chake, akatoka kazini.

Hapo mtu aweza kutushika kanzu akasema, "Mbona Rankin naye alimrudisha mwaka 2012? Ana tofauti gani na Doyle?" Tofauti ipo, na ndiyo hoja yetu yote. Holmes alirudi vile vile alivyoondoka. Rebus alirudi akiwa raia, akipekua majalada ya kesi za zamani, mgeni katika ofisi iliyokuwa yake. Miaka ya sigara na pombe ikamdai. Mapafu yakaharibika, katika kitabu cha mwaka 2020 twamwona akihamia nyumba ya chini ya jengo lile lile alilokaa miaka mingi, kwa kuwa ngazi zimemshinda. Katika kitabu cha mwaka 2022 anasimama kizimbani. Na katika *Midnight and Blue*, kilichotoka mwaka 2024, ambacho ni cha ishirini na tano katika mfululizo, yumo gerezani mwa Edinburgh, amelala chini ya paa moja na wahalifu wa namna ile ile aliyotumia maisha yake kuwafunga. Mfungwa mmoja anauawa ndani ya chumba kilichofungwa, na mzee yule, asiye na cheo wala ufunguo, anaanza tena kuuliza maswali.

Tafadhalini, wasomaji, fikirini jambo hilo. Mithali yetu yasema siku za mwizi ni arobaini, na hadithi zote za upelelezi zimesimama juu ya mithali hiyo. Lakini mithali haikusema siku za mlinzi ni ngapi. Kitabu kimoja hakiwezi kutuambia, maana mlinzi hushinda, kurasa zikaisha. Ni mfululizo peke yake uwezao kutuonyesha mlinzi aliyeshinda mara ishirini, na kila mara akapindisha sheria kidogo ili ashinde, mpaka siku ya ishirini na moja sheria ikaja kumdai yeye. Hiyo ndiyo faida ya vitabu vingi vya mtu mmoja. Mtunzi aliyepewa miaka thelathini ya kumtazama mtu, kisha akamrudisha kila mwaka bila kovu, ametupa mali ambayo hadithi nyingine haziwezi kuipata.

Wengine watajibu kwamba msomaji akitoka shambani au ofisini amechoka, ataka rafiki asiyebadilika, wala hataki mashujaa wenye pumu. Twaijua haja hiyo, maana nasi huchoka. Lakini rafiki asiyebadilika ni picha ukutani. Na mtunzi amwogopaye msomaji wake akumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Huko Uswidi, Maj Sjöwall na mwenzi wake Per Wahlöö waliazimia tangu mwanzo kuandika vitabu kumi vya mpelelezi Martin Beck, wakaviandika tangu mwaka 1965 hadi 1975, wakakoma pale walipokusudia. Wasomaji wangaliweza kununua cha kumi na moja. Hakikuwapo, na hata leo vile kumi vinasomwa.

Kwa hiyo twasema na watunzi wetu wa Kiswahili, ambao kazi yao twaipenda, ndiyo maana twaisumbua. Marehemu Abdulla, aliyefariki mwaka 1991, alikipa kimoja cha vitabu vyake, cha mwaka 1984, jina la *Kosa la Bwana Msa*. Lipimeni jina hilo tu. Mtu aliyemtunga mpelelezi na kumfikisha karibu miaka ishirini na mitano, hakuona haya kuandika neno "kosa" mbele ya jina lake, juu ya jalada. Ni wangapi leo wawezao kufanya hivyo? Mkiketi mbele yetu na kitabu kipya mkononi, msituhesabie maiti. Tuambieni mtu wenu amepoteza nini. Je, mkewe bado amngoja? Je, mkono wake watetemeka? Je, yule kijana aliyempiga risasi katika kitabu cha pili alikuwa na mama, na mama huyo yu wapi? Mkiwa hamna la kujibu, basi pengine kitabu hicho hakikuwa tayari kutoka, ama mtu huyo amekwisha kufa zamani na ninyi mwambeba kama mzoga.

Na ninyi walimu, acheni kuvificha vitabu hivi kabatini. Huko huliwa na mchwa, au husomwa na walimu. Mpeni mwanafunzi kitabu cha kwanza cha mpelelezi ampendaye, na kitabu cha mwisho, kisha mwambieni aandike ukurasa mmoja: mtu huyu ni yule yule, au siye? Akiona ni yule yule, na aseme kama hilo ni sifa au ni aibu. Sisi tumejaribu. Kijana wetu wa daftari la hesabu aliandika kurasa tatu. Mpelelezi wake alimtia kitandani, akamzimia taa, akamwacha macho wazi mpaka asubuhi, akiwataja kwa majina watu kumi na mmoja.

Hesabu zake bado ni mbaya. Lakini kumi na moja alizihesabu sawasawa, na mtunzi mwenyewe hakuzihesabu.