Kumripoti Mgonjwa wa Kipindupindu si Kuvunja Sitara

Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Kila masika inapoingia hapa Zanzibar, hofu ya kipindupindu hurudi, na hurudi pia suala tunaloulizwa misikitini: anayempelekea sheha au kituo cha afya habari za jirani anayeharisha na kutapika, je, amemvunjia sitara Muislamu mwenzake?

Jawabu letu ni hapana. Sitara tuliyoamrishwa ni kufunika aibu na makosa ya mtu, na maradhi si dhambi wala aibu. Tena kipindupindu hakikai nyumba moja. Vijidudu hutoka na choo cha mgonjwa, mvua ikavikokota hadi kisimani, na wengi wanaovibeba hawaoni dalili yoyote. Aliyezidiwa asipotibiwa huweza kufa ndani ya saa chache. Akiwahi dripu na maji ya chumvichumvi, takriban kila mgonjwa hupona. Anayemficha anamdhulumu mgonjwa kwanza, kisha mtaa mzima.

Visiwa hivi vinalijua hilo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwepo, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia njia za misafara na majahazi yaliyokisambaza. Leo ufuatiliaji huo ni kazi ya watu wa afya: taarifa moja ya mapema huwafikisha kwenye kisima kilichoingia uchafu, wakatia dawa kabla mtaa wa pili haujaugua.

Sayyidna Umar (r.a.) alipopata habari kuwa tauni imeingia Sham, alishauriana na masahaba kisha akarudi kutoka Sargh. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, alimbainishia kuwa anatoka kwenye qadar moja kwenda nyengine. Uamuzi ule ulisimama juu ya habari iliyofika kwa wakati.

Lakini anayepokea taarifa naye amebeba amana. Jina la mgonjwa lisitembezwe barazani wala kwenye simu. Watu wakiaibishwa leo, kesho watafichana. Na akifariki, wataalamu wakasema kumuosha kuna madhara, fiqhi imetupa nafasi ya tayammum, familia isilazimishe.

Wallahu a'lam.