Habari za Kijiji cha Golbanti na Hesabu ya Watu Wake

Na Karani wa Mtoni

Juma hili sitaandika habari za bei ya mahindi wala za barabara. Nataka tuzungumze juu ya kijiji kimoja, Golbanti, kilichoko ukingoni mwa Mto Tana, upande wa chini kutoka Garsen ukielekea baharini. Sikukichagua kwa sababu ya ukubwa, maana si kikubwa. Nimekichagua kwa sababu ya swali nililoulizwa huko na mzee mmoja mwaka wa 2019, ambalo hata leo sijaweza kulijibu vizuri.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti mwaka ule Serikali ilianza kuhesabu watu wote wa Kenya. Mimi pamoja na makarani wengine wengi tulitumwa kupita nyumba kwa nyumba. Mikononi hatukuwa na karatasi kama walivyokuwa nazo waliotutangulia, bali vishikwambi, kwa kuwa hiyo ndiyo mara ya kwanza nchi yetu kuhesabu watu wake kwa vyombo hivyo. Nikafika kwa mzee huyo, nikamwamkia, naye akaniitikia marahaba, akanipa kiti chini ya mwembe. Nikamwuliza jina lake, umri wake, na watu waliolala nyumbani mwake usiku ule. Kisha nikamwuliza mahali alipozaliwa.

Akajibu, "Hapa hapa."

Nilipokwisha kuandika akacheka, akasema, "Lakini, mwanangu, hapa unapopaandika sipo nilipozaliwa. Nyumba ya baba yangu ilikuwa kule, ng'ambo ya ile miembe. Maji yakaja, tukahama. Yakaja tena, tukahama tena. Watu ni wale wale na jina la kijiji ni lile lile. Sasa chombo chako kimeandika nini?"

Chombo kilitaka jina la kaunti tu. Nikaandika Tana River, nikaaga, nikaenda nyumba ya pili. Hata hivyo njiani nilitambua ya kuwa mzee alikuwa na haki. Mimi nilihesabu vichwa vya watu kwa uaminifu, lakini habari za kijiji sikuzichukua, na bila habari hizo hesabu yangu yaweza kumpoteza mtu atakayeisoma akiwa mbali.

Basi na tuanze na historia. Katika karne ya 19 nchi hii ya Tana ya chini ilikuwa na watu wa namna nyingi. Wapokomo walilima kandokando ya mto, nao Waorma, waliokuwa wakiitwa Wagalla siku zile, walichunga ng'ombe katika mbuga, na Wapokomo wakawalipa kodi ya nafaka. Katika miaka ya 1860 nguvu za Waorma zilivunjwa na Wasomali, na wengi wao waliobaki wakasogea karibu na mto. Kwa hiyo wamisionari wa Kimethodisti kutoka Ribe, karibu na Mombasa, walipokuja kujenga kituo Golbanti mwaka wa 1885, nia yao ya kwanza haikuwa Wapokomo, bali Waorma.

Kituo kile hakikukaa mwaka kwa amani. Mwezi wa Mei mwaka wa 1886 kundi la Wamasai lilikivamia, likamwua mmisionari John Houghton na mkewe Annie, pamoja na baadhi ya wenyeji waliokuwa nao. Makaburi ya mume na mke huyo yako Golbanti hata leo. Baada ya msiba huo kazi haikuachwa. Walikuja wamisionari wengine, na kadiri miaka ilivyopita, waliojaa kanisani na shuleni wakawa ni Wapokomo hasa kuliko wale Waorma waliotafutwa kwanza. Mwaka wa 1887 wamisionari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walianzisha kituo chao Ngao, jirani na Golbanti. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, ndiye aliyeandika maneno ya Kipokomo katika kamusi, akafasiri pia maandiko katika lugha hiyo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa yana fundisho. Kijiji ambacho leo mgeni angekiita cha Wapokomo kilijulikana kwa mara ya kwanza katika maandishi kwa ajili ya Waorma, na makaburi yake yanayojulikana zaidi ni ya Waingereza waliouawa na Wamasai. Mtu akisema ya kuwa mahali hapa pamekuwa pa kabila moja tangu zamani za kale, yafaa aulizwe amesoma wapi.

Mwaka huo huo wa 1886, mwezi wa Novemba, Waingereza na Wajerumani walipatana kule Ulaya, wakaufanya Mto Tana kuwa mpaka wa kaskazini wa eneo walilogawana. Waliuona mto katika ramani kama mstari. Sisi tunaokaa hapa tunajua ya kuwa mto haukai kama mstari. Katika karne hiyo hiyo mtawala wa Witu alichimbisha mfereji uitwao Belezoni ili kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi, mitumbwi ipite kwa urahisi. Baadaye maji ya Tana yenyewe yakaufuata mfereji, mpaka mto ukauacha mdomo wake wa zamani, na leo unaingia baharini karibu na Kipini. Kama kazi ya majembe iliweza kuugeuza mto mkubwa namna hii, msishangae kusikia ya kuwa mafuriko huweza kukihamisha kijiji.

Na mafuriko hayo wazee huyatumia kama kalenda. Mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa atakuambia alikuwa amekwisha tembea maji ya mwaka wa 1961 yalipokuja. Mwingine aliolewa kabla ya yale ya El Niño ya 1997. Vijana watakuhesabia ya 2018 na ya mwisho wa 2023, walipohamia sehemu zilizoinuka na kukaa katika mahema. Lakini msomaji asidhani ya kuwa mafuriko ni adui tu. Maji yakipanda kwa kiasi na kushuka, huacha udongo mweusi, nao ndio unaozaa mpunga, mahindi na ndizi. Tangu mabwawa ya umeme kujengwa huko juu, kuanzia Kindaruma mwaka wa 1968 hata Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988, mto haupandi tena kwa desturi yake ya zamani, na wakulima wengi wamelazimika kubadili mahali na majira ya kulima.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka wa 1999 Wilaya ya Tana River ilikuwa na watu 180,901. Mwaka wa 2009 walikuwa 240,075. Mwaka wa 2019, wilaya ikiwa imekwisha kuwa kaunti, walikuwa 315,943. Kwa maneno mepesi, palipokuwa na watu 4 mwaka wa 1999, miaka 20 baadaye palikuwa na watu 7. Mkulima ataelewa mara moja maana ya jambo hili. Ukingo wa mto haukuongezeka upana hata hatua moja, na shamba lililolisha vinywa vinne limetakiwa kulisha saba.

Lakini mtu aliye mbali huisoma hesabu hiyo kwa njia nyingine. Yeye huchukua watu wote, akawagawanya kwa eneo lote la kaunti, akapata watu wasiofika 10 kwa kila kilomita mraba. Ndipo husema, "Nchi hii ni tupu, ardhi ni tele." Hajui ya kuwa sehemu kubwa ya eneo hilo ni nyika kavu, na ya kuwa wakulima na wafugaji wote wawili wanategemea ukanda mwembamba wa mto na delta yake. Mashamba ya Wapokomo huanzia ukingoni na kwenda ndani kama mapande marefu, na kati yake pana njia ziitwazo malka, ambazo ng'ombe wa Waorma hupita kwenda kunywa maji wakati wa kiangazi. Njia hiyo ikionekana haina jembe wala nyumba, mgeni huiandika kuwa ni pori.

Haya si maneno ya barazani tu. Mwaka wa 2008 palikuwa na mpango wa kupanda miwa katika hekta 20,000 za delta. Wakulima na wafugaji waliona ya kuwa ardhi iliyoitwa tupu ndiyo waliyokuwa wakiishi kwayo, na shauri likafikishwa mahakamani. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu iliamuru pafanywe mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, na wenyeji washirikishwe katika kuutengeneza.

Kabla ya hukumu ile tulikuwa tumekwisha kupatwa na msiba ambao kalamu yangu yaona uzito kuuandika. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba zaidi ya 30 wengine, wakiwamo askari polisi, waliuawa Kilelengwani. Kabla ya mwaka kwisha waliokufa walikuwa wamepita 100. Ugomvi ulikuwa juu ya malisho, maji na mashamba, tena uchaguzi ulikuwa karibu, na watu waliambiana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Wakati ule nalisikia watu wakihesabiana kwa makabila, wao ni wangapi na sisi ni wangapi. Hesabu ya namna hiyo haimjengei mtoto shule wala haileti dawa zahanatini.

Kwa nini nimeyakumbusha haya leo? Kwa sababu kazi ya kuhesabiana imerudi kwetu kwa mlango mwingine, na safari hii yaweza kutufaa tukiitenda kwa busara. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inazitaka jamii zinazomiliki ardhi kwa pamoja zijiandikishe. Kila jamii itataja jina lake na watu wake, itaeleza ardhi yake, na katika mkutano wa watu wazima itachagua kamati ya watu wasiopungua 7 na wasiozidi 15. Asiyeandikishwa aweza kuja kuambiwa kesho ya kuwa hakuwako.

Tena sheria hiyo haisemi ya kuwa jamii ni kabila tu. Inataja nasaba moja na utamaduni mmoja, lakini inataja pia watu wanaoshirikiana mahali pamoja au riziki moja. Kwa hiyo wanaokunywa maji ya mto mmoja, mkulima na mchungaji, wanaweza kukaa pamoja na kukubaliana malka ipite wapi na shamba liishie wapi, kisha wakaliandika neno hilo kabla ya wino wa mtu mwingine haujawatangulia.

Ndipo narudi kwa yule mzee wa Golbanti. Alichoniuliza hakikuwa mzaha. Akija mpima ardhi na kuuliza kijiji kilikuwa wapi mwaka wa 1960, nani atamwonyesha? Kishikwambi changu kilichukua idadi ya watu na jina la kaunti. Mahali pa nyumba za kwanza, miembe iliyopandwa na nani, makaburi yaliyofunikwa na udongo wa mafuriko, na njia ambayo mababu waliwaachia wafugaji, hayo yote yamo katika vichwa vya wazee wachache, na wazee hao hawatungoji.

Basi shauri langu kwa wasomaji wa mtoni, hasa ninyi makarani wenzangu na walimu, ni dogo na gharama yake ni bei ya daftari moja. Kila kijiji kiwe na daftari lake. Andikeni humo kijiji kilikaa wapi kabla ya maji ya 1961, na kilihamia wapi baada ya kila mafuriko. Andikeni majina ya koo zilizomo, na ya wale waliokuja baadaye wakapokewa, na mwaka waliopokewa, na aliyewapokea. Andikeni malka zote kwa majina yake. Mkimaliza, someni mlichoandika mbele ya wazee wa pande zote mbili, wa jembe na wa fimbo, wasahihishe palipokosewa, kisha watie vidole vyao.

Kazi hii isifanywe na upande mmoja kwa siri. Daftari lililoandikwa gizani litakuwa silaha, na silaha tumezichoka.

Mimi nimekwisha kununua la kwangu. Siku ya mapumziko nitakwenda Golbanti tena, nikae chini ya mwembe ule ule. Nitamwomba mzee anionyeshe mahali alipozaliwa kwa kidole chake, nasi tutakwenda mpaka pale kwa miguu, hata kama pamekuwa mto.

Kwaherini, wasomaji, mpaka juma lijalo. Wenye habari za kuhama kwa vijiji vyao, na waniletee barua nizisome.