Dereva Anayekoroma: Nani Ampime?

Tarehe 1 Desemba 2013, treni ya abiria iliyokuwa ikielekea New York iliacha reli huko Bronx na kuua watu 4. Iliingia kwenye kona ya maili 30 kwa saa ikiwa na mwendo wa maili 82. Tarehe 29 Septemba 2016, treni nyingine ikaparamia kituo cha Hoboken, New Jersey, ikaua mtu 1 na kujeruhi zaidi ya 100. Wachunguzi wa bodi ya NTSB waligundua kuwa madereva wote wawili walikuwa na maradhi ambayo hakuna daktari aliyekuwa ameyabaini: kukatika pumzi usingizini.

Wengi wetu tunayaita kukoroma, tunacheka, basi. Ukweli ni kwamba koo hulegea na kuziba, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, mpaka ubongo umshtue mtu avute hewa. Aliyezidiwa hukatikiwa zaidi ya mara 30 kwa saa, na asubuhi hakumbuki hata moja. Anachojua ni kwamba kaamka amechoka.

Machi 2016 serikali ya Marekani ilianza kukusanya maoni kuhusu kuwalazimisha madereva wa malori, mabasi na treni wenye dalili wapimwe. Agosti 2017 mpango huo ukafutwa, kwa maelezo kwamba taratibu za usalama zilizopo zinatosha. Kwa madereva wa malori na mabasi, uamuzi ukabaki kwa daktari anayetoa cheti cha afya. Mmoja atampeleka dereva kipimoni, mwingine atasaini tu.

Suala hili linatuhusu, maana ndugu zetu wengi huku wanaishi kwa usukani. Mwenye lori lake akisimama wiki moja hana kipato, na marejesho ya mkopo hayasimami. Akiulizwa kama anakoroma, atajibu hapana. Kwa maoni yetu tatizo haliko kwenye vipimo, liko kwenye hofu ya kupoteza mkate.

Vipimo vipo. Madaktari wa nusu kaputi wa Toronto, Kanada, walitunga maswali manane mepesi: unakoroma kwa sauti, unachoka mchana, kuna aliyekuona pumzi imekatika, una shinikizo la damu, unene, umri zaidi ya miaka 50, shingo nene, ni mwanamume? Ukijibu ndiyo mara tano au zaidi, uko kwenye hatari kubwa. Hapo hufuata kipimo cha usiku mmoja, na siku hizi wengi hukifanya nyumbani.

Tukubali pia kwamba mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilisema ushahidi hautoshi kushauri kupima au kutopima kila mtu mzima asiye na dalili. Nasi hatudai kila mtu apimwe. Tunasema dereva mwenye dalili, anayeendesha lori lenye uzito wa pauni 80,000 pamoja na mzigo, si sawa na mtu anayelala mbele ya televisheni.

Na nyumbani je? Mwaka 2023 Tanzania iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku. Trafiki ana kifaa cha kupima pombe, lakini hana kifaa cha kupima usingizi. Kazi hiyo ni ya daktari, kabla ya safari.

Tiba ipo: mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, iliyobuniwa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kupunguza uzito. Anayeitumia vizuri huweza kurudi kazini. Hivyo sheria iseme wazi kuwa anayejitokeza atatibiwa na kurudishiwa usukani, na mwajiri achangie gharama. Bila hivyo madereva wataendelea kuficha.

Wakati huo haujafika bado. Kina mama mnaowasikia waume zenu wakikatika pumzi usiku, msinyamaze. Mwambieni, kisha mwende naye kwa daktari.